“Wanasayansi wamegundua…”: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tafiti za saikolojia kwenye habari

Ukurasa huu ni wa msomaji wa Dar es Salaam anayekutana na habari za saikolojia palepale anapokutana na habari nyingine zote: redio ya daladala, magazeti yaliyotandazwa kituoni, grupu la familia saa nne usiku. Si lazima ujue hesabu za takwimu. Unahitaji dakika kumi, bando kidogo, na ule ubishi wa kijiweni.

Habari ikianza na “wanasayansi wamegundua”, nianzie wapi?

Tafuta mambo matano: nani walichunguzwa, walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani, kilipimwa nini hasa, na tofauti iliyopatikana ni kubwa kiasi gani. Habari iliyoandikwa vizuri itakupa manne. Nyingi hutoa jina la chuo tu, na jina la chuo halimo kwenye hayo matano.

Tujaribu na habari ya muziki wa Mozart, ile inayodai kwamba ukimpigia mtoto atakuwa na akili nyingi. Chanzo chake ni andiko fupi la Frances Rauscher na wenzake katika jarida la Nature, mwaka 1993. Walichunguzwa nani? Wanafunzi wa chuo kikuu, California. Wangapi? 36. Walilinganishwa na nani? Na wao wenyewe, wakiwa wamekaa kimya au wamesikiliza maelekezo ya kutuliza mwili. Kilipimwa nini? Uwezo wa kuwaza maumbo, kwa mfano kukisia karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikikunjuliwa. Kiasi gani? Nafuu ya dakika 10 hadi 15, kisha kwisha. Hakuna mtoto mchanga hata mmoja aliyehusika. Hata hivyo mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe muziki huo. Mwaka 2010 watafiti wa Vienna walipojumlisha takriban tafiti 40 zenye washiriki zaidi ya 3,000, waliona kwamba nafuu ndogo inayopatikana hupatikana pia kwa muziki mwingine. Singeli haikujaribiwa, lakini hakuna sababu ya kuitenga.

Nani anaipotosha habari: mtafiti au mwandishi?

Mara nyingi ni kabla hata mwandishi hajaigusa. Vyuo vikuu vina ofisi za mawasiliano zinazoandaa taarifa kwa vyombo vya habari, na mtafiti mwenyewe kwa kawaida huipitia kabla haijatoka. Mwaka 2014 Petroc Sumner na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la BMJ uchambuzi wa taarifa 462 za namna hiyo, za sayansi ya afya, kutoka vyuo vikuu 20 vya Uingereza. Asilimia 40 zilikuwa na ushauri uliotiwa chumvi kuliko andiko lenyewe, na asilimia 33 zilidai sababu na matokeo kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Taarifa ya chuo ilipotia chumvi kwenye ushauri, asilimia 58 ya habari zilizofuata zilifanya hivyo pia. Isipotia, ni asilimia 17 tu.

Kwa hiyo ukimlaumu mwandishi wa Dar peke yake unamwonea. Habari inatoka maabara, inapita ofisi ya mawasiliano, inachukuliwa na shirika la habari la nje, inatafsiriwa, inasomwa redioni kwa sekunde 40, halafu mtu anaiandika upya kwa kumbukumbu kwenye WhatsApp. Kila mkono unadondosha “huenda” moja.

Tafsiri inaharibu nini?

Inaharibu mengi, na hapa lawama ni yetu wenyewe. Habari hizi hutafsiriwa haraka, na mtu mwenye habari nyingine za kumaliza kabla ya saa ya taarifa. Maneno yanayoumia ni yaleyale kila mara.

La kwanza ni “unahusiana na”. Likishatua kwenye Kiswahili hugeuka “unasababisha” au “unaleta”, kwa kuwa ni fupi na linapendeza kwenye kichwa cha habari.

La pili ni kiambishi hu-. Mtafiti ameandika kwamba vijana fulani, katika mwaka fulani, walioripoti kutumia simu zaidi waliripoti pia huzuni zaidi. Kichwa cha habari kinasema “Simu huleta sonona.” Hu- ndiyo ya “haba na haba hujaza kibaba”; ni umbo la mambo yasiyo na tarehe wala mahali. Utafiti mmoja ukiwekewa hu- unasikika kama methali. Anayetafsiri akishikilia -li-, na kuanza na “katika utafiti huu”, nusu ya kazi ameshaimaliza.

La tatu ni “hatari”. Watafiti wanaandika kuhusu uwezekano wa jambo kutokea, ambao unaweza kuwa mdogo sana. Sisi tunaandika “hatari”, neno lililochorwa kwenye nguzo za umeme pamoja na fuvu la kichwa. Sema “uwezekano” uone habari inavyopoa.

La nne ni lile neno la kitakwimu, “significant” kwa Kiingereza, linalomaanisha kwamba tofauti haielekei kuwa bahati tu. Karibu kila mara hutafsiriwa “tofauti kubwa”. Tofauti inaweza kupita kipimo hicho na bado ikawa ndogo kama punje ya mtama, tutalirudia chini.

La tano ni wanyama kupotea. Habari ya panya maabara ikifika kituoni Mwenge imeshakuwa habari ya “watu wenye msongo”. Ukiona imeeleza homoni au seli za ubongo kwa undani lakini haisemi washiriki walikuwa nani, shuku panya.

“Kuhusiana” na “kusababisha” vinatofautianaje hasa?

Watoto wa shule ya msingi wenye viatu vikubwa wanasoma vizuri kuliko wenye viatu vidogo. Hilo ni kweli, ukipima utaliona. Ila usikimbilie Kariakoo kumnunulia wa darasa la pili viatu namba 40: umri ndio unaokuza mguu na ndio unaoongeza kusoma. Kila uhusiano una maelezo yasiyopungua matatu. A inaleta B. B inaleta A. Au kuna C inayozileta zote mbili.

Kuna mfano wa hapa nchini. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 409 wa shule ya msingi Tanzania kuhusu adhabu za viboko. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni, na waliochapwa zaidi walionyesha matatizo zaidi ya tabia, kama vile ukorofi. Watoto waliulizwa mara moja tu. Kwa hiyo data hizo peke yake haziwezi kukuambia kama fimbo inazaa ukorofi, au mkorofi ndiye anayechapwa sana, au nyumba yenye shida inazaa vyote viwili. Watafiti wa aina hii huliandika hilo wenyewe kwenye sehemu ya mapungufu karibu na mwisho wa andiko, sehemu ambayo vichwa vya habari havifiki.

Ili kukata mzizi unahitaji jaribio: shule zinagawanywa kwa bahati nasibu, kama kupiga kura ya karatasi, nyingine zinapewa mafunzo na nyingine hazipewi, halafu zinalinganishwa. Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam na wenzake walifanya hivyo katika shule za sekondari za hapa nchini, wakiwafundisha walimu njia za nidhamu zisizo na kipigo, na wakachapisha mwaka 2018 kwamba matumizi ya adhabu za ukatili yalipungua kwenye shule zilizopata mafunzo. Hapo neno “yalisaidia” limelipiwa. Ukiona habari ina neno la namna hiyo, tafuta “kwa bahati nasibu” mahali fulani ndani yake.

Lakini mwanangu alipata 28, akachapwa, mtihani uliofuata akapata 45. Si ushahidi huo?

Huo ni mtego unaonasa hata wataalamu. Alama ya mtihani mmoja ina sehemu mbili: anachokijua mtoto na bahati ya siku (maswali yaliyoangukia, kichwa kuuma, usingizi). Aliyepata alama ya chini kabisa kwa kawaida ni yule ambaye bahati pia ilimkataa, na bahati mbaya kama hiyo kwa kawaida haijirudii mara moja. Mara ya pili huenda akapanda hata usipomgusa. Aliyepata 95 ukampongeza, mara ya pili huenda akapata 88, nawe utasema sifa zimemharibu.

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman aliukuta mtego huu kwa wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israel: waliapa kwamba kumfokea rubani kunamfanya aruke vizuri kesho yake na kumsifu kunamharibu. Kumbe ruko baya hufuatwa na la wastani, na zuri mno vilevile. Ndiyo sababu habari yoyote ya “tuliwachukua wenye msongo mkali kabisa, tukawapa dawa au mazoezi, baada ya wiki sita wamepata nafuu” haina uzito bila kundi linganishi. Watu hutafuta msaada siku wakiwa chini kabisa. Kutoka hapo wengi watapanda kidogo kwa vyovyote.

Washiriki wangapi wanatosha?

Inategemea swali, lakini ipo kanuni ya haraka kwa tafiti za maoni. Chukua 1 ugawe kwa kipeuo cha pili cha idadi ya walioulizwa. Watu 100: unaweza kukosea kwa pointi 10 juu au chini. Watu 400: pointi 5. Watu 1,000: pointi 3 hivi. Kwa hiyo “asilimia 54 ya vijana wanasema…” kutoka kwa watu 100 inaweza kuwa 44 au 64, na aliyeandika “zaidi ya nusu” amebahatisha.

Hesabu hiyo inafanya kazi endapo tu watu wamechaguliwa kwa bahati nasibu. Ukisimama Mlimani City Jumamosi na kuuliza watu 2,000 kuhusu furaha, umewapima watu wenye nauli na muda wa kwenda Mlimani City Jumamosi. Kiungo cha dodoso kwenye Instagram kinawapata wenye bando na wenye hamu ya kujibu. Wingi hautibu uchaguzi mbovu.

Tafiti zenye watu wachache, 20 au 40, zina ugonjwa mwingine. Tofauti ndogo haziwezi kuonekana humo, kwa hiyo zile zinazofaulu kuchapishwa ni zile ambazo bahati imezikuza. Mwaka 2010 utafiti wa watu 42 ulidai kwamba kukaa mkao wa kibosi dakika chache, mikono nyuma ya kichwa na miguu mezani, kunabadilisha homoni. Mwaka 2015 Eva Ranehill na wenzake walirudia na watu 200: waliokaa hivyo walijisikia wababe zaidi, ila homoni hazikubadilika. Dana Carney, mwandishi wa kwanza wa utafiti wa awali, alitangaza mwaka 2016 kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo.

Matokeo ya Marekani yananihusu mimi wa Mbagala?

Usiseme ndiyo wala hapana mpaka mtu apime. Jeffrey Arnett alipitia majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani mwaka 2008 akakuta asilimia 96 ya washiriki wanatoka nchi za viwanda za Magharibi, zenye kama asilimia 12 ya watu wote duniani. Asilimia 68 walitoka Marekani peke yake. Wengi wao ni wanafunzi wa vyuo. “Binadamu” wa vichwa vya habari, basi, mara nyingi ni mwanafunzi wa miaka 20 anayetafuta alama za ziada za kozi.

Wakati mwingine tofauti inakuwa ya kushangaza. Umesikia jaribio la mwanasaikolojia Walter Mischel: mtoto anawekewa kitamu kimoja, anaambiwa akisubiri atapewa viwili. Bettina Lamm na wenzake walilifanya kwa watoto wa Kijerumani na watoto wa jamii ya Nso, Kamerun, ambao waliwekewa puff-puff, binamu wa kalimati zetu. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Nso walisubiri. Wa Kijerumani, asilimia 28. Na huko Marekani kwenyewe, Tyler Watts na wenzake walipolirudia mwaka 2018 kwa watoto zaidi ya 900, uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ya baadaye ulikuwa kama nusu ya ule wa zamani, na theluthi mbili ya huo uliobaki ikatoweka walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto. Mtoto ambaye ahadi kwao huvunjwa ana akili timamu akila sasa hivi.

Nyumbani kwetu, Coren Apicella na wenzake walikwenda kwa Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi kupima jambo ambalo vitabu hulieleza kama tabia ya watu wote: kuthamini zaidi kitu kwa sababu tu kimeshakuwa chako. Waliokuwa karibu na watalii na biashara waliionyesha. Waliokuwa mbali na soko hawakuionyesha. Tanzania moja, majibu mawili. Kwa hiyo hata “utafiti wa Tanzania” uulize ni wa wapi.

Dodoso likitafsiriwa vizuri, si litapima kitu kilekile?

Fikiria “wasiwasi”. “Nina wasiwasi” inaweza kuwa moyo kwenda mbio bila sababu, inaweza kuwa kumshuku mtu: “nina wasiwasi naye.” Dodoso likiuliza “umekuwa na wasiwasi mara ngapi wiki hii?”, watu wawili wanajibu maswali mawili. Na anayeumwa sonona Dar hasemi “nina huzuni”. Anasema ana mawazo, kichwa kizito, mwili hauna nguvu. Dodoso lisilo na maneno hayo linampita.

Kuna pia salamu. Sisi ukiulizwa “habari za nyumbani?” unajibu “nzuri” hata kama mgonjwa yuko ndani, ugonjwa unatajwa baada ya salamu ya tatu. Mhoji anayeanza na “kwa ujumla unajisikiaje?” anapata salamu, si data. Chumba chenyewe kina neno: mwanamke anayeulizwa kuhusu mume wake huku mlango ni pazia na mawifi wako barazani hawezi kujibu vile angejibu akiwa peke yake.

Watafiti makini hutafsiri kwenda Kiswahili, mtu mwingine anarudisha bila kuona asili, wanalinganisha, halafu wanakipima kipimo kwa mahojiano kamili ya kitabibu. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walifanya kazi ya namna hii hapa Dar kwa orodha ya Hopkins ya dalili za wasiwasi na sonona, yenye maswali 25, kwa wajawazito wanaoishi na VVU, wakachapisha mwaka 2002. Ukisoma utafiti wa Kiswahili, tafuta sentensi inayosema kipimo kilihakikiwa wapi.

Inaposemwa tofauti “imethibitishwa kitakwimu”, nifurahi?

Kiasi. Mazoea ni kukubali tokeo ambalo, kama hakuna chochote kinachoendelea, lingetokea kwa bahati chini ya mara 5 kati ya 100. Sasa pima mambo 20 yasiyo na kitu: uwezekano wa angalau moja “kuthibitika” ni asilimia 64. Mtafiti akiripoti hilo moja na kunyamazia 19, amekudanganya bila kusema uongo. Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walionyesha kwa makusudi: kwa kuchagua tu cha kuripoti, “walithibitisha” kwamba kusikiliza wimbo fulani kunampunguzia mtu umri, umri wa cheti cha kuzaliwa, kwa karibu mwaka mmoja na nusu.

Dawa yake ni kusajili mpango kabla ya kukusanya data. Kwenye andiko tafuta maneno yanayoonyesha kuwa mpango ulisajiliwa mapema, mara nyingi kukiwa na kiungo cha OSF, tovuti ambako watafiti husajili mipango yao.

Upande wa pili ni ukubwa. Mwaka 2012 Facebook ilibadilisha kwa wiki moja machapisho waliyoona watumiaji 689,003, na matokeo yakachapishwa 2014 kwa kelele nyingi: hisia zinaambukizwa mtandaoni! Walioonyeshwa machapisho machache ya furaha walipunguza maneno ya furaha kwa asilimia 0.1, yaani neno moja katika kila maneno elfu. Ukiwa na watu laki sita hata unyoya unasomeka kwenye mizani. Vivyo hivyo kwa simu na vijana: Amy Orben na Andrew Przybylski, mwaka 2019, walichambua data za vijana 355,358 wa Uingereza na Marekani wakakuta matumizi ya vifaa vya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Kula viazi mara kwa mara kulikaribia uhusiano hasi wa kiwango hicho. Aliyepiga marufuku simu nyumbani akaacha chipsi mayai anapaswa kujieleza.

Na ukisoma “umeongezeka kwa asilimia 50”, uliza kutoka ngapi. Kutoka watu 2 kati ya 1,000 hadi 3 kati ya 1,000 ni asilimia 50 pia.

Ni kweli kwamba tafiti nyingi za saikolojia hazirudiki?

Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lililoratibiwa na Brian Nosek lilirudia tafiti 100 kutoka majarida matatu. Katika zile za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo “yaliyothibitika”; ziliporudiwa, asilimia 36. Dhana maarufu kwamba utashi unachoka kama msuli ilijaribiwa upya na maabara 23 zenye washiriki zaidi ya 2,000, matokeo yakachapishwa 2016: athari ilikaribia sifuri.

Wapo wanaosoma hayo na kuitupa saikolojia yote jalalani. Tunadhani ni haraka mno. Waliofichua ni wanasaikolojia wenyewe, na mambo mengi yanarudika kila yanapojaribiwa, kwa mfano kwamba kujipima mara kwa mara kunasaidia kumbukumbu kuliko kusoma daftari tena na tena. Kanuni ya msomaji: utafiti mmoja mpya, wa kushangaza, wenye watu wachache, usiubadilishie chochote maishani. Subiri wa pili.

Picha za ubongo si ushahidi mgumu?

Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya salmoni kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakamwonyesha picha za watu na “kumuuliza” watu hao wanahisi nini. Sehemu ndogo ya ubongo “iliwaka”. Samaki alikuwa amekufa, kama wa Feri saa tano asubuhi. Mashine hupima maelfu ya vipande vya ubongo kwa mpigo. Usiporekebisha hesabu, vichache vitawaka kwa bahati. Hilo waliliwasilisha mwaka 2009 kama onyo.

Nitaupataje utafiti wenyewe, tena bure?

Chukua jina la mtafiti na maneno mawili matatu ya mada, kwa Kiingereza, utafute Google Scholar. Upande wa kulia wa matokeo kukiwa na kiungo cha PDF, ni bure. Muhtasari ni bure karibu kila mara na haumalizi bando. PDF nzima mara nyingi ni MB 1 hadi 3. Kukiwa na ukuta wa malipo, jaribu jina lilelile pamoja na PsyArXiv, ambako watafiti huweka maandiko ya awali (kumbuka: ya awali, mara nyingi hayajapitiwa na wataalamu wengine). Ikishindikana, mwandikie mtafiti. Barua pepe yake kwa kawaida iko kwenye ukurasa wa kwanza, na wengi hutuma. Wanafunzi waulize maktaba ya chuo kuhusu Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi kama yetu majarida bure au kwa bei nafuu.

Ukishaupata usisome wote. Soma muhtasari, kisha ruka hadi sehemu ya washiriki, kisha aya ya mapungufu. Mwisho weka kichwa cha andiko kwenye Retraction Watch, orodha ya maandiko yaliyofutwa, uone kama halijafutwa. Makala za mwanasaikolojia Diederik Stapel wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, zaidi ya 50 zilifutwa baada ya kugundulika mwaka 2011 kwamba alitunga data.

Nimesoma kwamba dawa za sonona hazifanyi kazi. Niache?

Usiache kwa sababu ya habari. Julai 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walichapisha mapitio yaliyosema hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona inasababishwa na upungufu wa serotonini, kemikali ya ubongo. Hawakupima kama dawa zinasaidia au hazisaidii. Vichwa vingi vya habari viliruka kutoka la kwanza hadi la pili. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi, na hisia kama ya kupigwa shoti kichwani, na mtu akadhani ugonjwa umerudi. Dozi hupunguzwa taratibu na aliyeiandika. Muhimbili na hospitali za rufaa za mkoa (Amana, Temeke, Mwananyamala) ndiko pa kuuliza.

Na yale maswali ya kujipima mtandaoni?

Mengi ni michezo. Linalotumika hospitalini ni PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kufikia 10 kwa kawaida humaanisha mtu achunguzwe zaidi, basi. Malaria, upungufu wa damu, ujauzito na njaa vinaweza kupandisha alama za uchovu na usingizi. Jambo moja halisubiri jumla: swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujiumiza. Jibu lake lisipokuwa sifuri, zungumza na mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Nimeshaisambaza kwenye grupu la familia, na sasa naona haikuwa kweli. Nifanyeje?

Ifute kama muda haujapita, kisha andika. Usiandike insha na usimtaje aliyekutumia, hasa akiwa mkubwa wako. Weka kilichochunguzwa, waliochunguzwa, na kisichosemwa. Mfano:

“Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za jioni. Ile habari ya Mozart niliyotuma jana nimeifuatilia. Ni ya wanafunzi wa chuo 36, Marekani, mwaka 1993, na ilidumu robo saa. Watoto wachanga hawakupimwa. Shangazi, spika unaweza kuirudisha dukani, risiti ninayo.”